Alkaini zenye silili na iodini haipavalenti: maswali ambayo watu wa sintesisi (kazi ya kujenga molekuli) wanauliza kila siku

Nimeandika haya kwa sababu maswali yanajirudia yaleyale, na majibu mengi yamejificha kwenye makala za kitaalamu ambazo mtu anayeanza maabara anachoka kuzisoma kabla hajafika kwenye kile anachokitafuta. Haya mambo mawili, silikoni iliyokaa kwenye ncha ya alkaini na iodini iliyobeba bondi nyingi kuliko kawaida yake, watu huwa wanayasoma kama sura mbili tofauti. Mi naamini ni jambo moja, na huko mbele nitaonyesha yanakutana wapi. Ukiwa na haraka ruka mpaka swali linalokuhusu.

Alkaini yenye silili ni kitu gani hasa?

Alkaini ni kampaundi yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi tatu. Kama bondi hiyo iko mwisho wa mnyororo, kaboni ya mwisho inabeba haidrojeni moja, na haidrojeni hiyo ina uasidi kidogo, pKa yake ni kama 25, yani besi kali inaing'oa bila shida. Sasa itoe hiyo haidrojeni halafu mahali pake weka silikoni yenye makundi matatu ya kaboni, hapo ndo umepata alkaini yenye silili. Ndogo na maarufu kuliko zote ni trimethili-silili-asetilini, maabara wanaiita TMS-asetilini, kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye 53 °C. Upande mmoja ina TMS, upande wa pili ina haidrojeni yake. Ukiweka TMS pande zote mbili unapata BTMSA, ambayo nayo ina kazi zake nzuri sana, tutaifikia.

Kwa nini nisitumie tu asetilini yenyewe, ile gesi?

Unaweza, na viwandani wanaitumia. Ila kwenye flaski ndogo ya maabara inasumbua kwa namna tatu. Kwanza ni gesi, inageuka kutoka hali yabisi kwenda gesi kwenye kama −84 °C, kwa hiyo kupima kiasi sahihi ni kazi. Pili ikigandamizwa inaweza kulipuka, ndo maana mitungi yake inajazwa kitu chenye vinyweleo kilicholoweshwa asetoni ili gesi iyeyuke humo badala ya kukaa peke yake. Tatu, na hili kwa mtu wa sintesisi ndo kubwa zaidi, ina ncha mbili zinazofanana kabisa, ukitaka kuunganisha ncha moja ile ya pili haitakusubiri, nayo itaingia kwenye mmenyuko na utabaki na mchanganyiko. Ongeza na hii: asetilini ikikutana na shaba inatengeneza chumvi ambazo zikikauka zinalipuka kwa kuguswa tu. TMS-asetilini inakutoa kwenye haya karibu yote, ni kimiminika, unapima kwa sindano, ncha moja imefungwa na nyingine iko wazi.

Wazo la kufunga ncha kwa silili lilipata nguvu mwaka 1972 pale Eastmond, Johnson na Walton walipoonyesha kwamba silili inalinda ncha ya alkaini wakati unaunganisha alkaini kwa njia ya oksidishaji, wakajenga minyororo mirefu ya bondi tatu zinazopokezana na bondi moja. Miaka mitatu baadaye, 1975, Sonogashira na wenzake walitoa mmenyuko wao wa paladiamu na shaba unaounganisha alkaini na iodidi au bromidi ya arili (pete kama ya benzini) kwenye joto la kawaida, na tangu hapo TMS-asetilini imekuwa chupa isiyokosekana kwenye friji ya maabara.

TMS, TES, TBS, TIPS, nichague ipi?

Jiulize unataka ikae muda gani. TMS ni nyepesi kuitoa, TES (silikoni yenye ethili tatu) inavumilia kidogo zaidi, TBS (methili mbili na tert-butili moja) zaidi tena, na TIPS yenye matawi matatu mazito ya isopropili ndo ngumu, kwa sababu kitu kinachotaka kuifikia silikoni hakipati nafasi ya kupita. Kama hatua inayofuata mara tu baada ya kuunganisha ni kuifungua ncha, TMS inatosha na usijisumbue na nyingine. Kama una hatua tano mbele zenye besi, organolithiamu na joto, weka TIPS uendelee na kazi ukiwa na amani.

Utamu unakuja ukizitumia zote mbili kwenye molekuli moja. Chukua pete ya benzini yenye iodini na bromini. Kwenye Sonogashira iodini inatangulia, kwa hiyo kwenye joto la kawaida unaweka TMS-asetilini upande wa iodini, halafu unapandisha joto na kuweka TIPS-asetilini upande wa bromini. Sasa potasiamu kaboneti ndani ya methanoli inatoa TMS na kuiacha TIPS ilipo, unafanya kazi yako kwenye ncha iliyofunguka, ukimaliza unakuja na floridi kutoa TIPS. Molekuli moja, alkaini mbili, na unachagua mwenyewe ipi ianze.

Nitoeje silili bila kuharibu vitu vingine?

Kwa TMS njia ya kwanza kujaribu ni potasiamu kaboneti na methanoli, joto la kawaida, mara nyingi dakika chache mpaka saa kadhaa, fuatilia kwa TLC (kromatografia ya tabaka jembamba). Kwa TIPS na TBS utahitaji floridi, na TBAF (tetrabutiliamonia floridi) kwenye kiyeyushi cha THF ndo inayotumika sana. Sababu ya floridi kufanya kazi vizuri hivi ni kwamba bondi ya silikoni na florini ni miongoni mwa bondi imara kabisa zenye silikoni, zaidi ya 550 kJ kwa moli, kwa hiyo silikoni ikiona floridi inaiacha kaboni bila ubishi.

Angalizo mbili. TBAF haichagui, kama kwenye molekuli yako kuna alkoholi uliyoifunga kwa silili basi na hiyo itafunguka, na TBAF yenyewe ina tabia ya besi, esta na vitu vyepesi kuhama vinaweza kuumia (kuongeza asidi asetiki kidogo kunaipoza). Kwa hali kama hiyo fedha inasaidia, nitrati ya fedha inaishika bondi tatu yenyewe, kwa hiyo inaifungua alkaini na kuiacha silili ya kwenye oksijeni ikae. Na ukichanganya nitrati ya fedha na NBS (kitendanishi kinachotoa bromini) hupati haidrojeni kwenye ncha, unapata bromini moja kwa moja, hatua moja badala ya mbili.

Na kitu kingine ambacho watu wanakigundua wakiwa wamechelewa: alkaini ndogo ikishafunguliwa inakuwa tete, ukiiacha kwenye mashine ya kuvukiza kiyeyushi na vakyumu kali unarudi unakuta flaski haina kitu. Punguza vakyumu, weka barafu, au nenda nayo hatua inayofuata ikiwa bado kwenye kiyeyushi.

Sonogashira yangu inanipa alkaini mbili zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, tatizo ni nini?

Oksijeni. Shaba ikikutana na oksijeni inaziunganisha alkaini mbili, ule mmenyuko wa Glaser wa karne ya 19. Toa oksijeni kwenye viyeyushi kwa kupitisha nitrojeni au argoni kwa muda wa kutosha (dakika mbili hazitoshi), au fanya ile ya kugandisha, kuvuta vakyumu na kuyeyusha mara tatu. Punguza shaba. Weka alkaini taratibu. Na usipandishe joto kwenye chupa iliyo wazi ukitumia TMS-asetilini, kumbuka inachemka 53 °C, itaondoka yote halafu utalaumu paladiamu.

Kwa hiyo silikoni ni kifuniko tu?

Hapana, na hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu watu wengi wanaishia kwenye kifuniko na kukosa sehemu nzuri.

Silikoni inaelekeza mmenyuko uende wapi. Kitu chenye njaa ya elektroni kikija kwenye alkaini yenye silili kinapenda kukaa kwenye kaboni ileile iliyobeba silikoni, kwa sababu chaji chanya ikitokea kwenye kaboni ya jirani, bondi ya kaboni na silikoni inaegemea upande ule na kuituliza. Wanaita athari ya beta ya silikoni. Ikishatulia hivyo silikoni inachukuliwa na kloridi au chochote kilichopo, bondi tatu inarudi, na matokeo yake ni kwamba mgeni amekaa kiti cha silikoni. Mfano safi ni BTMSA na kloridi ya asaili (acyl, yani kabonili iliyoshika klorini) pamoja na alumini kloridi: TMS moja inatoka, kabonili inaingia, unapata ketoni iliyopakana na bondi tatu na bado TMS ya upande wa pili ipo. Shika hii picha ya mgeni kuchukua kiti cha silikoni, tutaihitaji tukifika kwenye iodini.

Silikoni pia inafanya kazi kwa ukubwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Vollhardt, akiwa Berkeley, alijenga estroni (homoni ya kike) kwa kuunganisha alkaini tatu kuwa pete ya benzini kwa kutumia kobalti. Mbili zilikuwa kwenye molekuli moja na ya tatu ilikuwa BTMSA. Kwa nini BTMSA? Kwa sababu ni nene kiasi kwamba haipendi kuungana na BTMSA mwenzake, kwa hiyo unaimwaga kwa wingi na bado inasubiri kuungana na ile molekuli unayoitaka. Halafu zile TMS mbili zilizobaki kwenye pete hazikutupwa bure, moja ilibadilishwa kwa asidi ikawa haidrojeni, ya pili ikaoksidishwa ikawa ile OH ya fenoli ambayo estroni inaihitaji. Kwa kweli kila nikiisoma sintesisi hii nafurahi upya, silikoni imefanya kazi tatu ndani ya mpango mmoja.

Mwaka 1991 Larock alionyesha indoli (pete ya benzini iliyoshikana na pete ndogo yenye nitrojeni) zinatengenezwa kutoka iodoanilini na alkaini kwa paladiamu, na kanuni yake ni kwamba kundi nene la alkaini linaishia kwenye kaboni namba 2, jirani na nitrojeni. Silili ni nene, kwa hiyo inakwenda namba 2 bila kubahatisha, na baadaye unaitoa. Watu wa Merck walitumia njia hiyo, kwa alkaini yenye TES, kwenye sintesisi ya rizatriptani ambayo ni dawa ya kipandauso.

Na kuna sehemu ambayo silili haitolewi kabisa. Pentasini ni pete tano za benzini zilizopangwa mstari, inapitisha umeme vizuri kwa kitu cha kaboni lakini haiyeyuki karibu kwenye chochote. Mwaka 2001 kundi la John Anthony huko Kentucky liliibandika TIPS-alkaini mbili katikati yake, ikayeyuka, na zaidi ya hapo molekuli zikajipanga uso kwa uso kwenye kristali, na TIPS-pentasini ikawa kati ya viini vinavyojulikana zaidi vya transista za kikaboni.

Kuna mbadala wa bei nafuu zaidi?

Upo, 2-methili-3-butini-2-oli. Inalindwa na asetoni badala ya silikoni, inaunganika kwa Sonogashira vilevile, na kwenye viwango vikubwa wengi wanaipendelea. Shida ni kuifungua: inataka besi kali na joto la juu ili asetoni itoke, molekuli laini haziponi hapo.

Haya, iodini haipavalenti ndo nini? Si tulifundishwa iodini ina bondi moja?

Tulifundishwa hivyo na kwa iodini ya kawaida ni sawa. Lakini iodini ni atomu kubwa, elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, inaweza kushika vikundi vitatu au hata vitano. Mwaka 1886 Willgerodt alipitisha klorini kwenye iodobenzini akapata unga wa njano wenye klorini mbili kwenye iodini, PhICl₂, na hiyo ndo ya kwanza kabisa ya kikaboni. Jina haipavalenti lilikuja baadaye sana, Musher alilitumia mwaka 1969.

Bondi zake zikoje? Kwenye iodini(III), yani ile yenye bondi tatu, kuna vikundi viwili vinavyokaa mstari mmoja, kimoja huku kingine kule, na iodini katikati, na atomu hizo tatu zinagawana elektroni nne. Bondi kama hiyo ni ndefu na dhaifu kuliko ya kawaida. Kundi la kaboni linakaa pembeni, umbo zima linafanana na herufi T. Udhaifu huo ndo nguvu ya kitendanishi: iodini inatamani kurudi kwenye hali yake ya bondi moja, na katika kurudi inachukua elektroni mbili kutoka kwa molekuli yako. Kwa maneno mengine ni kioksidishi kinachofanya kazi kama zebaki, risasi na thaliamu zilivyokuwa zikifanya, bila sumu ya zile metali.

PIDA, PIFA, IBX, DMP, mbona ni nyingi, ipi ni ya kazi gani?

PIDA ni iodobenzini yenye asetati mbili, unga mweupe, ni mpole na mahali pazuri pa kuanzia. Ukiiweka na TEMPO (kichocheo cha oksidishaji) kidogo inageuza alkoholi ya msingi kuwa aldihaidi na kusimama hapohapo, haiendi mpaka asidi, na kama molekuli ina alkoholi ya msingi na ya upili itaanza na ya msingi. Ukiiweka na iodini chini ya mwanga unapata radikali za oksijeni zinazoweza kwenda kugusa haidrojeni iliyo mbali kwenye molekuli ileile, mmenyuko wa Suárez. PIFA ni ndugu yake mwenye trifluoroasetati, mkali zaidi. Kita na wenzake huko Japani waliijengea jina kwenye fenoli: fenoli inapoteza elektroni mbili, pete inaacha kuwa ya benzini, na kitu kilichofungwa kwenye mkia wa molekuli kinarukia humo na kutengeneza pete mbili zinazoshirikiana kaboni moja. PIFA pia inabadilisha amaidi ya msingi kuwa amini iliyopungua kaboni moja, bila bromini na besi kali za njia ya zamani ya Hofmann.

IBX ni iodini(V), yani yenye bondi tano. Ilitengenezwa mwaka 1893 na Hartmann na Meyer halafu ikalala karibu miaka mia moja kwa sababu haiyeyuki kwenye viyeyushi vya kawaida, mpaka Frigerio na Santagostino walipoonyesha mwaka 1994 kwamba inafanya kazi safi kwenye kiyeyushi cha DMSO. DMP ni IBX iliyoongezwa asetati tatu ili iyeyuke, Dess na Martin waliitoa mwaka 1983, na mpaka leo ukiwa na alkoholi ya thamani uliyoifikia kwa hatua ishirini ndo kitu cha kwanza unachokifikiria: joto la kawaida, karibu bila asidi wala besi, saa moja au mbili. Inafaa sana kwa alkoholi iliyopakana na alkaini yenye silili, unapata ketoni na silili yako imebaki salama. Jambo la kushangaza kidogo, maji machache yanaiharakisha DMP, Meyer na Schreiber waliandika hivyo 1994, ila hiyo ni kwa tone linalopimwa, siyo ruhusa ya kutumia flaski yenye maji.

Baada ya kazi zima kwa sodiamu thaiosalfeti na sodiamu baikaboneti, koroga mpaka tabaka zote mbili ziwe angavu.

Ni kweli zinalipuka?

Ndiyo kwa baadhi, na naomba hili lichukuliwe kwa uzito wake. IBX inalipuka ikipashwa joto sana au ikigongwa, na DMP nayo ina hatari hiyo, na DMP iliyokaa kwenye unyevu inageuka taratibu kurudi kuelekea IBX. Kwa hiyo: usisage, usikwangue kwa chuma, usikaushe kwa joto, usitengeneze kiasi kikubwa kwa sababu tu una malighafi, fanya kazi nyuma ya ngao, hifadhi kwenye baridi na giza. Kuna IBX iliyochanganywa na asidi benzoiki na asidi isofthaliki ili kuituliza, kama kazi ni kubwa tafuta hiyo. PIDA ni tulivu zaidi kwa mbali. Na usichanganye kioksidishi chochote kati ya hivi na kiyeyushi ambacho hujasoma kwamba vinapatana.

Sasa silikoni na iodini zinakutana wapi?

Rudi kwenye ile picha ya mgeni anayechukua kiti cha silikoni. Iodini(III) ina njaa ya elektroni kuliko kloridi ya asaili, kwa hiyo ukiamsha PhIO (iodobenzini iliyobeba oksijeni) kwa BF₃ halafu ukaiweka na alkaini yenye TMS, iodini inakaa kwenye kaboni iliyobeba silikoni, chaji inatulizwa na silikoni, silikoni inaondoka, na unabaki na alkaini iliyobandikwa kwenye iodini(III). Ochiai na Fujita walifanya hivyo katikati ya miaka ya 1980, na Stang huko Utah akaendeleza familia nzima ya chumvi hizi.

Kwa nini hili ni kubwa? Kwa sababu alkaini ya kawaida ukiing'oa haidrojeni yake inakuwa hasi, inakwenda kutafuta kaboni zenye upungufu wa elektroni. Ile iliyobeba iodini ni kinyume chake, yenyewe sasa ndo ina upungufu, na vitu vyenye elektroni nyingi kama thaioli (zenye salfa na haidrojeni, SH), enolati na indoli vinaifuata. Yani kaboni mbili zilezile, tabia imegeuzwa. Njia ambazo kwenye karatasi zilikuwa zimefungwa zinafunguka, huna haja ya kuweka iodini kwenye indoli yako kwanza ndipo uunganishe, unaipeleka alkaini moja kwa moja pale ambapo indoli yenyewe inapenda.

Chumvi zile za mwanzo zilikuwa na kasoro, nyingi haziko imara na zinaingia kwenye mimenyuko ya pembeni. Suluhisho lilikuwa kuifunga iodini ndani ya pete, oksijeni ya asidi ya kaboksili ya jirani inaishika iodini. Hizo zinaitwa EBX (etinili-benziiodoksoloni), na TIPS-EBX ni ile ambayo alkaini yake imebeba TIPS. Ochiai alitengeneza za kwanza 1991, Zhdankin akafuata 1996, halafu zikakaa bila watu wengi kuzijali mpaka mwaka 2009 Jérôme Waser na wanafunzi wake huko Lausanne walipotumia TIPS-EBX na kloridi ya dhahabu kuweka alkaini kwenye kaboni namba 3 ya indoli na namba 2 ya piroli, kwenye joto la kawaida. Mwaka 2013 kundi hilohilo likaonyesha thaioli zinapokea alkaini kutoka TIPS-EBX ndani ya dakika tano, bila metali yoyote.

TIPS-EBX inatengenezwaje?

Hatua mbili ukianza na asidi 2-iodobenzoiki. Kwanza unaioksidisha kwa sodiamu peraiodeti kwenye maji na asidi asetiki ya kuchemka, inatoka fuwele nyeupe, iodini imepanda kuwa (III) na pete imejifunga. Pili unaiweka kwenye asetonitraili, unaiamsha kwa TMS-triflati, unaongeza alkaini yenye TMS upande mmoja na TIPS upande wa pili, mwishoni piridini. Na angalia uzuri wa hapo: TMS inatoka kumpisha iodini, TIPS inabaki. Tofauti ileile ya unene tuliyoiona kwenye kuchagua kinga ndo inayoamua iodini ikae ncha ipi. Bidhaa ni kitu kigumu cheupe, uzito wa moli ni 428.4, kinakaa kwenye chupa ya kawaida, na kikishaiweka alkaini kwenye molekuli yako TIPS inakuja nayo, kwa hiyo unaifungua ukiwa tayari na unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mmenyuko wa azaidi na shaba unaoigeuza alkaini kuwa pete.

TMS-triflati inavuta moshi ikigusa unyevu na inaunguza ngozi, glavu na kabati la kuvuta hewa, hilo halina mjadala.

Nyukleofaili inagonga kaboni ipi? Nimesoma majibu yanayopingana.

Yanapingana kwa sababu njia ni zaidi ya moja. Kwa chumvi za wazi (zisizofungwa kwenye pete), nyukleofaili, yani kitu chenye elektroni nyingi, inagonga kaboni iliyo mbali na iodini, inaitwa beta; iliyoshika iodini ni alfa. Iodobenzini inaondoka, nayo inaondoka kwa urahisi kupita kiasi, Okuyama na Ochiai walipima wakakuta ni kama mara milioni moja kuliko triflati (kundi linalojulikana kwa kuondoka kirahisi). Inabaki kabini ya alkilideni, kaboni yenye elektroni sita tu. Hapo inategemea nini kiko jirani: kama kuna haidrojeni, silili au arili itahama na bondi tatu inarudi, ukiangalia bidhaa utadhani nyukleofaili iligonga alfa kumbe vitu vimebadilishana nafasi. Kama kuna mnyororo mrefu wa alkili, kabini inajiingiza kwenye bondi ya kaboni na haidrojeni iliyo mbali na unapata pete ya saiklopentini, njia nzuri sana ya kujenga pete.

Kwa thaioli na TIPS-EBX, mahesabu ya kundi la Waser ya 2014 yalionyesha njia nyingine, salfa inaikaribia kaboni ya alfa na kila kitu kinatokea kwa pamoja bila kupitia kabini. Kwa hiyo usikariri jibu moja, ukiwa na shaka weka alama ya kaboni-13 uone iko wapi.

Benzaini inaingiaje hapa?

Benzaini ni alkaini iliyolazimishwa kukaa ndani ya pete ya kaboni sita, haikai, lazima uitengeneze palepale unapoitumia. Njia ya Kobayashi ya 1983 ni TMS upande mmoja wa pete na triflati jirani yake, floridi inang'oa silikoni, triflati inaondoka. Kitamura akaweka iodini(III) mahali pa triflati, ambayo kama nilivyosema inaondoka kwa urahisi zaidi. Tena silikoni na iodini, jirani kwa jirani.

Nitajuaje kwenye NMR kwamba silili ipo au imetoka?

NMR ni kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila haidrojeni imekaa wapi. TMS ya alkaini ni mlima mmoja mrefu wa haidrojeni tisa karibu na 0.2 ppm, TIPS ni haidrojeni 21 zilizorundikana karibu na 1.1. Ikitoka, mlima unapotea na unaona haidrojeni moja nyembamba kati ya 2 na 3.5 kutegemea imekaa kwenye nini. Kwenye IR (infraredi) tafuta 3300 ya haidrojeni ya ncha, na bondi tatu yenye silili inaonekana vizuri karibu na 2150. Usichanganye TMS yako na TMS ya rejea kwenye 0.00, na usidanganywe na grisi ya silikoni iliyotoka kwenye kifuniko cha flaski, ile inakaa karibu na 0.07.

Taka zake je, si unatupa iodobenzini nzima kila mara?

Hoja ya haki kabisa, kwa uzito iodini ni mzigo. Kwa TIPS-EBX na DMP kinachobaki ni asidi 2-iodobenzoiki, inaingia kwenye tabaka la maji yenye besi, ukiitia asidi inadondoka, unaichuja na kuioksidisha tena. Kwa PIDA kilichobaki ni iodobenzini, ya mafuta, ngumu zaidi kuirudisha. Njia nyingine ni kuifanya iodini iwe kichocheo: mwaka 2005 Ochiai na Kita, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba iodidi ya arili kidogo pamoja na mCPBA (asidi ya peroksidi inayooksidisha) inatosha, asidi hiyo inaipandisha iodini kila inaposhuka. Na iodini ikiwa imebebwa na molekuli yenye mkono mmoja (kairali, isiyolingana na picha yake kwenye kioo), hapo inaweza kuamua bidhaa iwe ya kulia au ya kushoto. Kwa alkaini bado tunahitaji kiasi kamili cha kitendanishi, kwa sababu kila molekuli ya TIPS-EBX ina alkaini moja tu ya kutoa.